Zulia likaoshwe wapi Dar: kwa waosha magari, nyumbani au karakanani?

Wateja wengi wa Dar es Salaam humwuliza muosha mazulia bei kwanza, sabuni pili, kisha wanakabidhi mzigo. Maswali yanayoamua kama zulia litarudi zima ni mengine: vumbi mnalitoaje kabla ya kumwaga maji, na mkishaliosha mnalikausha wapi? Sabuni yoyote ya maana itatoa uchafu wa juu. Mchanga ulioshuka hadi kwenye mashina ya manyoya hautolewi na sabuni. Ukilowa unageuka tope na kukaa palepale. Na zulia likibaki na unyevu ndani kwa siku mbili, kuvu huanza, na harufu yake haiondoki kwa marashi. Kwenye mji wa mchanga na hewa nzito kama huu, ambako kipindi cha masika hata shuka hushinda kambani bila kukauka sembuse zulia, hivyo ndivyo vigezo viwili vya kupimia huduma zote tatu zilizopo.

Kabla ya kuchagua, ligeuze zulia lako uangalie mgongo. Lebo ikiwepo, herufi zake zinatosha: PP ni polipropilini, PES poliesta, PA nailoni, WO sufu, CO pamba, JU juti, SE hariri, CV viskosi. Viskosi ndiyo ya kuogopa. Inang'aa kama hariri na baadhi ya wauzaji huiita hariri bila haya, lakini ikilowa nguvu ya nyuzi zake hushuka sana, na ikikauka inakuwa ngumu na ya manjano. Zulia la viskosi lisipelekwe kokote kwenye maji mengi. Mpe fundi anayelijua, au liache lifyonzwe vumbi tu.

Lebo ikiwa imeng'oka, chomoa nyuzi mbili tatu za manyoya (za manyoya yenyewe, maana nyuzi za mgongo mara nyingi ni pamba au juti na zitakudanganya), zishike kwa kibanio juu ya sahani na uziwashe. Sufu hunuka nywele zilizoungua, huzimika ukiondoa kiberiti, na jivu lake husagika vidoleni. Plastiki huyeyuka na kuacha tone gumu. Kama bado una uzi mwingine, uzamishe kwenye glasi ya maji kwa kidole: polipropilini itaelea, poliesta na nailoni zitazama. Viskosi huwaka haraka kama karatasi.

Kisha tazama namna lilivyotengenezwa. Ua la mbele likionekana vilevile nyuma, fundo kwa fundo, na matamvua yakiwa ni nyuzi za zulia lenyewe zilizotokeza, hilo ni la mkono. Ukikuta kitambaa kilichogandishwa nyuma kwa gundi, kama yalivyo mengi ya yale ya manyoya marefu, basi maisha yake yote yako kwenye gundi hiyo. Inavumilia maji ya kupita. Haivumilii kulowekwa usiku kucha: mgongo hubanduka, zulia linavimba mawimbi, na hakuna fundi anayerudisha.

Tuanze na waosha magari, kwa sababu ndiko mazulia mengi yanakokwenda. Kwa zulia la polipropilini lililofumwa kwa mashine si chaguo baya hata kidogo, na wanaolibeza kwa jumla wanakosea. Nyuzi hizo hazinywi maji, na rangi yake kwa kawaida imechanganywa ndani ya plastiki tangu kiwandani, hivyo haichuji. Kinachoharibu ni mazoea ya mahali penyewe.

Cha kwanza ni sakafu. Zulia hutandazwa pale palipotoka gari, juu ya filamu ya oili. Polipropilini haina urafiki na maji ila inashikana sana na mafuta. Doa la oili likiingia leo, mwakani bado lipo. Sisitiza sakafu isuguliwe kwanza mbele yako, au uende mahali penye jukwaa la mazulia peke yake.

Cha pili ni mdomo wa mashine ya presha. Kwenye mashine nyingi vidomo vina rangi: chekundu kinatoa maji kama sindano, cha njano huyatawanya kwa pembe ya nyuzi (digrii) 15, cha kijani 25, cheupe 40. Zulia ni la cheupe, au cha kijani kwa mkono mwepesi, kikishikwa umbali wa sentimita 30 hivi na kufuata upande manyoya yanakolala. Ukimwona kijana ameweka chekundu au kile kinachozunguka na anachora mistari akiwa ameinama karibu, msimamishe. Ile mistari inayoonekana kama usafi ni manyoya yaliyokatika na kuchambuka ncha.

Cha tatu ni maji. Visima vingi vya maeneo ya karibu na bahari vina chumvi. Sabuni haitoi povu vizuri, wanaongeza sabuni, na suuza ya maji hayohayo inaacha zulia gumu kama limepigwa wanga. Onja tone kwa ulimi. Hakuna kipimo cha haraka kuliko hicho.

Na cha nne ndicho kikubwa.

“Fundi, linakauka lini hili?”

“Usijali bosi, kesho jioni unapitia.”

Kesho jioni hiyo inawezekana kwa zulia jembamba, siku ya jua na upepo. Zulia la manyoya ya sentimita nne halikauki kwa muda huo likiwa limetupwa juu ya ukuta, maji yote yakiteremkia pindo la chini. Utalipokea juu pakiwa pakavu na mgongo ukiwa mbichi, utalitandika juu ya marumaru ambayo hayapitishi hewa, na wiki ya pili sebule itanuka. Utaratibu unaofaa ni huu: likishasuuzwa lilazwe kwenye mteremko, maji yasukumwe kwa ubao wa mpira kufuata manyoya, mara kumi si nyingi, hadi yanayotoka yawe matone, halafu litandikwe juu ya mabomba mawili au zaidi yaliyoachana, hewa ipite chini, mgongo ukitazama jua na rangi zikitazama kivuli. Pasipo na mabomba ya namna hiyo, usipeleke manyoya marefu. Sufu, viskosi na la mkono usipeleke kabisa. Sabuni ya unga inayotumika huko ni kali kwa sufu, na mtu akimwaga Jik kidogo “iwe nyeupe”, klorini inaila sufu yenyewe.

Huduma ya pili ni vijana wanaokuja nyumbani, wale wa masofa na makapeti. Hawa wanafaa pale zulia lisipoweza kutoka: lililobandikwa sakafuni, au lililolaliwa na kabati la futi nane. Tofauti kati ya kundi zuri na bovu ni mashine, na unaitambua mlangoni. Mashine halisi ya kazi hii ina matangi mawili, la maji safi na la maji machafu, na kichwa chake kinanyunyiza na kufyonza kwa pamoja. Inasuuza. Wengine wanakuja na ndoo ya povu, brashi ya mkono na kifyonza maji cha kawaida: wanapaka, wanasugua, wanafyonza povu la juu. Hapo hakuna suuza yoyote, na sabuni iliyobaki kwenye manyoya ikikauka inanata. Kila mguu unaopita unaacha vumbi, na baada ya wiki tatu njia ya kutoka mlangoni hadi kwenye kochi imekuwa nyeusi kuliko kabla hawajaja. Mteja anadhani nyumba ina vumbi. Nyumba ina sabuni.

Kulijua hilo ni rahisi: zulia likishakauka, mwaga kijiko cha maji safi pembeni na usugue kwa kidole. Povu likitokea, waite warudi wasuuze kwa maji matupu, bila malipo.

Mwendo wa kazi nzuri ya nyumbani unaanza kwa kifyonza vumbi kikavu, mita baada ya mita, pole pole, kabla ya tone lolote. Anayeruka hatua hii anatengeneza tope. Kisha dawa inanyunyizwa na kuachwa dakika 10 hivi bila kukauka, inasuguliwa, ndipo mashine inapita: mpito mmoja wa maji, mipito miwili hadi minne ya kufyonza tu. Hiyo mipito mikavu ndiyo wanaopenda kuikwepa kwa sababu inachosha mkono na haionyeshi kitu. Simama pale uihesabu. Feni iwashwe kuelekea zulia, madirisha wazi, na likifanyiwa kazi asubuhi liwe kavu usiku. Kazi ya saa kumi jioni ikatae.

Mkojo wa mtoto au paka ni habari nyingine, na hapa mashine ya nyumbani inashindwa mara nyingi. Juu unaona doa la ukubwa wa sahani. Mgongoni, na chini yake kama kuna sponji, limetanda mara mbili. Kufyonza juu kunaondoa harufu siku mbili tatu, unyevu wa hewa ukirudi na harufu inarudi. Dawa ya vimeng'enya inahitaji kufika kila mkojo ulikofika na kukaa mbichi kwa saa kadhaa, na kwa zulia linalobebeka kazi hiyo ni ya karakanani. Pale ambapo rangi ya sufu imeshabadilika, usilipie ahadi ya kuirudisha.

Karakana ni ghali na inachukua siku kadhaa. Kwa sufu, la mkono na manyoya marefu ndiyo huduma pekee inayostahili kupendekezwa, lakini ukague ile uliyopata, maana wapo wenye bango la karakana na uwanja wa kuoshea magari nyuma. Omba kuona vitu vitatu. Mahali pa kukung'utia vumbi, mashine au hata wavu wa chuma ambako zulia hulazwa kifudifudi na kupigwa mgongoni hadi mchanga uache kudondoka. Mashine ya kukamulia, ile bomba ndefu inayozungusha zulia lililoviringishwa na kurusha maji nje. Bila hiyo, kukausha kunategemea kudra. Na chumba cha kukaushia chenye feni, chenye harufu ya kawaida. Kikinuka uvundo, umeshajibiwa.

Fundi makini atajaribu rangi kabla ya kupokea: kitambaa cheupe kilicholoweshwa kwa sabuni atakayotumia, kimekandamizwa juu ya rangi nyekundu na ya buluu kwa dakika moja. Kitambaa kikitoka na waridi, anakueleza rangi itachuja na mnaamua pamoja. Asiyejaribu anacheza kamari na mali yako. Akiyasifia matamvua kwamba atayafanya meupe pe, mkataze; weupe huo ni wa klorini, na kwenye zulia la mkono matamvua ni mifupa ya zulia, yakioza linaanza kufumuka.

Bei pima mwenyewe kabla. Baadhi wanatoza kwa mita ya mraba, wengine kwa futi, na anayetaja futi husikika rahisi. Mita moja ya mraba ni futi za mraba 10.76, hivyo zulia la mita 2 kwa 3 ni mita za mraba 6, au futi za mraba 64 na nusu. Linganisha kwa kipimo kimoja, na uulize kama usafiri na madoa vimo. Kwenye risiti iandikwe vipimo, aina ya nyuzi, madoa yaliyokuwepo na tarehe ya kurudisha. Picha ya mbele, ya mgongo na ya kila pembe ibaki kwenye simu yako. Mazulia ya mashine yanafanana kama mapacha, na kubadilishana hutokea.

Likirudi, usisaini likiwa limeviringishwa. Lifungue lote, kunja karatasi ya chooni mara nne, iweke katikati ya zulia na uikandamize kwa kisigino kwa sekunde 10. Rudia pembeni na mgongoni. Karatasi ikitoka na ubichi, lirudi lilikotoka. Doa likichomoza tena siku ya pili pale palipokuwa safi, mara nyingi uchafu wa chini umepanda na maji wakati wa kukauka; hiyo ni kazi ya nusu saa kwa fundi, maji kidogo na taulo nyeupe zenye uzito juu yake hadi asubuhi. Rangi ya kahawia iliyotanda kwenye zulia lenye mgongo wa juti ni kosa jingine: lilikaa na maji muda mrefu mno, na juti imetoa rangi yake. Suuza ya asidi nyepesi inaweza kuipunguza ikifanywa mapema, kwa hiyo piga simu siku hiyohiyo.