Mafunzo ya watahini wa nje: nyota mbili, na moja ni ya jirani yangu wa meno

Nilingoja siku kadhaa hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Ni mafunzo ya siku moja kwa watahini wa nje wa shahada za udaktari wa binadamu, wa meno na wa mifugo, wote ukumbi mmoja. Mimi ni wa mifugo. Mada na ratiba mtazisoma kwenye tangazo lao. Ninalotaka kusema halimo kwenye tangazo.

Asubuhi mwezeshaji alikuwa akieleza mipaka yetu: mtahini wa nje haji kusahihisha upya. Unapitia maswali kabla hayajapigwa chapa, unasimama pembeni kutazama mtihani wa vitendo, unakaa kwenye bodi ya watahini, unaandika ripoti. Alama ya mwanafunzi mmoja mmoja huigusi hata ikikukera. Sawa kabisa, sina ugomvi na hilo. Nikanyoosha mkono nikauliza: nipo pembeni ya kituo kimoja cha mtihani wa vitendo, mtahiniwa amemkamata farasi vibaya, sindano anaipeleka mahali pasipofaa, na mtahini wa ndani kainamia karatasi yake, hajaona. Niseme kitu, au ninyamaze niandike kwenye ripoti?

Akatabasamu. “Daktari, hapa tunazungumzia wagonjwa wanaoongea.”

Ukumbi ukacheka. Akaenda kwenye slaidi inayofuata.

Wagonjwa wanaoongea! Mtoto wa wiki mbili anaongea? Aliye kwenye nusukaputi anaongea? Jirani yangu, mama mmoja wa meno, aliniinamia akaninong’oneza, “Wangu naye haongei, mikono ya mtu imo kinywani.” Nilicheka kwa sauti, na kile kicheko ndicho pekee nilichokifurahia hadi mchana.

Maana swali halikuwa la farasi. Ni swali la mtahini yeyote anayeona hatari mbele yake huku kanuni zikimwambia yeye ni mtazamaji tu. Kwetu sisi wa mifugo linakuja mapema zaidi, kwa sababu mnyama hajaridhia kutumika kwenye mtihani, wala huwezi kumpitisha kwenye mikono ya wanafunzi arobaini siku moja. Ndiyo maana vituo vingi siku hizi vina mfano wa plastiki badala ya ng’ombe.

Kuanzia hapo kila kitu kiliniudhi. Kiti, kipaza sauti, hata chai. Huenda chai ilikuwa nzuri tu.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba muda ulikuwepo. Alitumia karibu nusu saa kutusimulia historia ya mtihani wa vituo, ambao mtahiniwa huzunguka kituo hadi kituo na kila kituo kina kazi yake, ile oski (OSCE) tunayoijua wote, namna Harden na wenzake wa Dundee walivyoiandikia makala mwaka 1975. Halafu Angoff, njia ya kupanga alama ya kufaulu, kitu tunachokihitaji kila mwaka, alikipita mbio mbio: kaeni watahini kadhaa, mfikirie mwanafunzi wa mpakani, yule anayeponea chupuchupu, kila mmoja akadirie uwezekano wa mwanafunzi wa aina hiyo kulipata kila swali, makadirio yachanganywe, alama ya kufaulu ipatikane. Haya, maswali? Nani angeuliza baada ya kuona nilivyofanywa?

Nilikuwa nimeshafunga begi.

Sikuondoka, na kwa haki lazima niseme kwa nini. Mchana aliingia mwezeshaji mwingine, mpole, haongei sana. Alituwekea video ya mwanafunzi akichukua historia ya mgonjwa wa kuigiza, akasema kila mtu aweke alama zake bila kuchungulia kwa mwenzake. Wengi walimpa 14 au 15 kati ya 20. Mimi nilimpa 9. Akaniuliza, kwa upole, ni kosa gani. Nikapekua karatasi yangu. Nilikuwa nimemkata kwa kusitasita, kwa kutojitambulisha vizuri, kisha tena kwa kusitasita kule kule. Mambo mawili kati ya hayo hayakuwemo hata kwenye orodha ya kusahihishia.

Watu wa fani hii huwaita watahini wakali mwewe na wapole njiwa. Miaka yote hii nilijihesabu njiwa. Wanafunzi wangu wakisoma hapa watacheka sana.

Akaeleza pia kwa nini kila kituo tunajaza vitu viwili, alama za orodha na hukumu ya jumla: vikichorwa pamoja kwa watahiniwa wote, mstari unaonyesha alama ya kufaulu ya kituo hicho mahali unapokutana na hukumu ya “mpakani”. Nimejaza fomu hizo mara nyingi nikidhani ile hukumu ya jumla ni pambo. Kwa saa hizo mbili peke yake ningetoa nyota nne, na nilikaribia kuzitoa.

Mwishoni nikamfuata na swali langu la asubuhi. Akajibu amesimama, anakunja waya wa kompyuta: usalama wa mgonjwa kwanza, awe mtu au mnyama, zuia, mwite msimamizi wa mtihani, alama waachie wao, kisha andika ripoti. Haikufika hata dakika.

Ningeishia hapo na nyota zangu nne. Jioni ikaja fomu ya maoni kwenye simu, ikataka nichague fani: udaktari wa binadamu, udaktari wa meno, nyinginezo.

Nyinginezo! Na ada nimelipa sawa na wote.

Basi ni mbili. Moja ya mwezeshaji wa mchana, nyingine ya yule mama wa meno. Wakiyarudia nitakwenda, ila nitafika baada ya chakula cha mchana.