FR-4 au RO4350B: Bodi Gani kwa Saketi za Redio?

Karibu kila kiwanda cha bodi za saketi kina FR-4 ghalani. Ni kitambaa cha nyuzi za kioo kilichoshikanishwa kwa epoksi; ni cha bei nafuu, na kwa saketi nyingi kinatosha kabisa. Shida huanza masafa ya mawimbi (frikwensi) yanapopanda. Thabiti yake ya dielektriki, yaani kipimo cha jinsi bodi inavyopunguza kasi ya mawimbi, huwa takriban 4.2 hadi 4.8, kutegemea aina, kiasi cha epoksi na masafa yenyewe. Kwa hiyo njia ya shaba uliyoipigia hesabu ya impedansi (ukinzani kwa mawimbi) ya ohmu 50 inaweza kutoka kiwandani na thamani nyingine, na kichujio, saketi inayopitisha masafa fulani tu, kikahama kutoka masafa uliyokusudia.

RO4350B ya kampuni ya Rogers, yenye haidrokaboni na seramiki, ina thabiti ya 3.48, ikipishana kwa 0.05 tu. Uthabiti huo ndio ninaouthamini zaidi, hata kuliko upotevu wake mdogo: tanjenti ya upotevu, kipimo cha nishati ya mawimbi inayopotea ndani ya bodi, ni 0.0037 kwenye gigahezi 10, ilhali ya FR-4 ni karibu 0.02. Tena hutengenezwa kwa taratibu zilezile za FR-4, tofauti na bodi za PTFE (plastiki ya Teflon) ambazo matundu yake hudai matayarisho maalumu. Ila ni ghali zaidi.

Kwa Wi-Fi ya gigahezi 2.4 yenye njia fupi hadi kwenye antena, chukua FR-4 bila wasiwasi. Kwa kichujio cha gigahezi 10, usithubutu. Bajeti ikibana, omba bodi mseto: RO4350B juu, FR-4 chini. Lakini kabla hujachora chochote, mwulize mtengenezaji ana bodi za unene gani ghalani.