Huduma ya hali ya jua ya NOAA: nyota 4 kwa GPS, sifuri kwa kimbunga

Ukitumiwa picha ya jua lenye madoa na ujumbe kwamba kimbunga kinakuja, usiahirishe kupanda mahindi kwa ajili yake. Madai ya aina hiyo yapime kwenye kituo cha hali ya anga za juu cha NOAA (shirika la Marekani la bahari na angahewa), kilichoko Boulder, Marekani. Huduma ni bure, haihitaji kujisajili, na makadirio ya siku 3 yapo pia kwa maandishi matupu yasiyomaliza bando.

Anza na Kp, kipimo cha mtikisiko wa sumaku ya dunia. Huenda kutoka 0 hadi 9, kwa vipande vya saa 3. Chini ya 5, endelea na shughuli zako. Kp 5 ni dhoruba ya sumaku ya G1, ngazi ya chini; Kp 9 ni G5, ya juu kabisa. Kinachowakosesha wengi ni saa, maana majedwali yameandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa. Kupata saa yetu ya Kiswahili, toa 3: 06 UTC ni saa 3 asubuhi, 12 ni saa 9 alasiri. Kwa 18 inabaki 15. Toa 12 tena, ni saa 3 usiku.

Dhoruba hizo huvuruga GPS, hivyo mpima ardhi wa Njiro au mrusha droni wa Moshi atafaidika, ila asitegemee Kp peke yake. Kwenye ukanda wetu wa ikweta, ishara za GPS huyumba jua likishazama, hasa miezi ya karibu na Machi na Septemba, hata siku ambayo Kp ni ndogo. Vipimo vya sentimita vifanyike asubuhi.

Tuje kwenye kimbunga. Wazo lenyewe si la kipuuzi. Mng'ao wa jua kwa jumla hubadilika kwa takribani asilimia 0.1 tu ndani ya mzunguko wa miaka 11 wa kuongezeka na kupungua kwa madoa yake, lakini mionzi ya urujuanimno hubadilika zaidi, nayo hupasha joto tabaka la ozoni. Kimbunga ni injini ya joto: nguvu yake hutokana na tofauti kati ya bahari yenye joto na hewa baridi ya juu kinakopumulia. Huko juu pakipata joto, injini inalegea. Mwaka 2008 watafiti James Elsner na Thomas Jagger walichapisha uchambuzi wa vimbunga vya Marekani na Karibi unaoelekea huko: madoa mengi, vimbunga vikali vichache. Yaani kinyume kabisa cha ule ujumbe wa simu! Tena ni takwimu za bahari nyingine, si utabiri wa wiki ijayo.

Angalia na kalenda ya huku. Idai na Kenneth vilipiga Msumbiji Machi na Aprili 2019, jua likiwa limelala. Mzunguko ulifika chini kabisa Desemba mwaka huohuo. Hidaya kilifika Mafia Mei 4, 2024, jua likikaribia kilele. Dhoruba ya G5 ya mwezi ule, ya kwanza tangu 2003, ilianza Mei 10, kimbunga kimeshakufa.

Kimbunga kinataka bahari yenye nyuzi 26.5 au zaidi, joto hilo lishuke mita 50 hivi, na pepo za juu na za chini zisizopishana sana. Hayo usiyatafute Boulder. Fungua kituo cha Météo-France (shirika la hali ya hewa la Ufaransa) cha kisiwa cha La Réunion, chenye dhamana ya vimbunga vya upande wetu wa Bahari ya Hindi, kinachotoa taarifa kila saa 6 kimbunga kikiwepo. Kisha soma tahadhari za TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Tazama kimbunga kimekaa wapi. Kikiwa mashariki mwa Madagaska, kinaweza kuvuta upepo wa magharibi wenye unyevu wa Kongo, mvua ikatufikia. Kikiwa Mlango wa Msumbiji, unyevu unaweza kutukimbia: mwaka wa Idai, mvua za masika zilichelewa.

Nyota ya tano nimeikata kwa sababu ya UTC. Sifuri ya kimbunga si kosa lao, hawakuahidi kukitabiri.