Oshin: Binti Aliyepimwa kwa Gunia la Mchele

Walionipendekezea tamthilia ya Kijapani ya Oshin waliniambia kuwa ni hadithi ya binti mwenye mkosi na kwamba nikae na leso karibu. Leso niliihitaji kweli. Hata hivyo, baada ya kuitazama hadi mwisho naona neno mkosi haliitendei haki, kwa sababu shida za binti huyu, angalau katika sehemu iliyo bora zaidi, zina bei na zina mtu anayenufaika nazo.

Tamthilia hii iliandikwa na Sugako Hashida na ikarushwa na shirika la utangazaji la NHK kuanzia Aprili 1983 hadi Machi 1984, vipande 297 vya dakika 15 kila kimoja. Oshin amezaliwa mwaka 1901 huko Yamagata, kwa wakulima wanaolima shamba lisilo lao, ambako sehemu kubwa ya mavuno huishia kwa mwenye shamba na waliolima hula wali uliochanganywa na figili ili chungu kionekane kimejaa. Mama yake anapopata mimba nyingine, binti anamkuta amejitosa katika mto wenye baridi kali ili mimba itoke. Hakuna hotuba wala maelezo. Mtoto anaona, anaelewa, kisha yeye aliyekuwa akikataa anakubali kwenda kuwa yaya kwa mfanyabiashara wa mbao, mwaka mzima, kwa ujira wa gunia moja la mchele utakaokwenda kwa wazazi wake. Kwa hesabu ya umri ya Wajapani wa zamani, ambayo mtoto huzaliwa akiwa tayari na mwaka mmoja, ana miaka saba.

Safari ya kwenda huko, Oshin akiwa juu ya chelezo cha magogo katika mto Mogami na theluji imetanda kingo zote mbili, ndiyo picha ambayo watazamaji wengi hawaisahau. Ayako Kobayashi, aliyeigiza Oshin mtoto, hajilizi ovyo. Analia kama mtoto anayejaribu kutolia, jambo ambalo waigizaji wengi wakubwa hawaliwezi. Kilichonikaa mimi zaidi, hata hivyo, ni sarafu ya fedha ya sen 50 aliyopewa na bibi yake. Fedha za nyumba ya mwajiri zinapopotea, sarafu hiyo inageuzwa kuwa ushahidi wa wizi, naye anatoroka katika theluji, ambako anaokolewa na askari aliyekimbia jeshi baada ya vita vya Japani na Urusi. Askari huyo anamfundisha kusoma. Kwangu vipande hivi vya mlimani ndivyo kilele cha kazi nzima.

Mwigizaji Yuko Tanaka ndiye anayeigiza Oshin aliyekua, na kwa muda mrefu mambo yanakwenda vizuri: ususi Tokyo, ndoa, kiwanda cha nguo. Tetemeko kubwa la Septemba 1923 linakiangusha kiwanda, na mume anaipeleka familia kwao Saga. Hapo ndipo nilipochoka. Mama mkwe ana ukatili usiokwisha, kazi za shambani hazimwachi mjamzito apumzike, na mtoto anazaliwa akiwa amekufa. Kila kipande kinaongeza pigo jipya juu ya lile la jana, mpaka mateso yanaanza kunuka mkono wa mwandishi. Mama mkwe mbaya tunamjua sote, hata asiyeolewa anamjua, lakini ukatili wa huyu haupewi sababu yenye uzito wa lile gunia la mchele.

Sehemu ya lawama ni yangu. Nilitazama vipande kumi kwa usiku mmoja, ilhali vilitungwa viliwe kimoja kila asubuhi, pamoja na chai. Niliporudi kwenye kipande kimoja kwa siku, hata Saga ilipitika.

Usiruke sehemu za Oshin mzee, anayeigizwa na Nobuko Otowa, ingawa zinaonekana kukatiza hadithi. Mwaka 1983 familia yake inafungua duka kubwa la 17, naye anatoweka siku hiyohiyo, kwenda kujiuliza ni wapi alipokosea katika kumlea mwanawe anayeliendesha. Anayeuliza ni yuleyule aliyewahi kubadilishwa kwa gunia moja, na sasa wanawe ndio wanaopanga bei.