Wakati wa mitihani: upike sufuria moja kubwa au upike kila jioni?

Sufuria kubwa ya supu au mchuzi mzito, ukiipika siku usiyo na kipindi, inakulisha siku 3 hadi 4 bila kugusa kisu tena. Ukirudi umechoka, kichwa kimejaa kanuni, unapasha tu na kula. Ila usiiache mezani usiku kucha: igawe kwenye vyombo vya kina kifupi ipoe upesi, iingie kwenye friji ndani ya muda wa saa 2 tangu iive, na kila unapopasha hakikisha inatoa mvuke hadi katikati. Tumbo likiharibika wiki ya mtihani ni msiba.

Kupika kila jioni kunakula muda, dakika 30 au zaidi, na vyombo vya kuosha juu yake. Lakini kukatakata kitunguu na kukikaanga polepole hadi kiwe rangi ya dhahabu, nyumba nzima ikinukia, kunaituliza akili iliyokaa na kitabu tangu asubuhi. Mikono inafanya kazi, mawazo yanapumzika.

Mimi nachagua sufuria kubwa kwa siku za kawaida. Jioni ya kuamkia mtihani, hapana: hiyo napika upya, kidogo, taratibu.