Unpaywall: kufuli la kijani, na vyuo vinavyolifanya liwe kijani

Wadau wa pepa na thesis, kama bado hamjaweka Unpaywall kwenye brauza mnajitesa bure. Ni eksitensheni ya bure kabisa, haiombi kadi. Ukifungua makala ya jarida ukakuta imefungwa mpaka ulipie, pembeni kulia kinatokea kikufuli, kikiwa cha kijani ukibofya unapelekwa kwenye kopi ya bure, kikiwa cha kijivu ujue hawajaipata. Basi, haina mambo mengi. Heather Piwowar na Jason Priem ndo walioileta 2017 kupitia shirika lisilotafuta faida. Halafu haichoti Sci-Hub (tovuti ya kopi za magendo) wala ResearchGate (mtandao wa kijamii wa watafiti), inaokota kwa wachapishaji wenyewe na kwenye hifadhi za mtandaoni za vyuo na za serikali, kwa hiyo unachosoma ni halali.

Sasa nenda kwenye setingi uwashe rangi zinazoonyesha kopi imetoka wapi, hapo kijani kinakuwa na maana finyu zaidi. Dhahabu maana yake jarida lenyewe ni huria, yaani kila mtu anasoma bure, shaba ni mchapishaji kakuachia usome ila bila lisensi ya wazi, yaani kesho anaweza akafunga, na kijani ni kopi iliyowekwa kwenye hifadhi. Hiyo kijani ndo naipenda kuliko zote, na haijitokezei tu, kuna wahadhiri walikaa vikaoni wakabishana wee mpaka kura ikapigwa. Harvard kitivo cha sanaa na sayansi walipitisha sera ya makala zao kuwekwa kwenye hifadhi ya chuo Februari 2008, MIT wakafuata 2009, University of California 2013. Ujanja wao ni kwamba mwandishi anakipa chuo haki ya kuisambaza makala KABLA hajasaini chochote na mchapishaji, na asiyetaka kwa makala fulani anaomba aachwe na anaachwa.

Wanaopinga nao wasikilizwe. Wapo wanaosema chuo kisimpangie mtafiti aweke wapi kazi yake, wapo wenye vyama vidogo vya kitaaluma vinavyoishi kwa ada za jarida lao. Na wanahistoria wa Marekani kupitia chama chao AHA waliviomba vyuo 2013 viwaruhusu wahitimu wa PhD wazuie tasnifu zao mtandaoni hadi miaka 6 ili wapate kwanza kuzitoa kama vitabu. Hiyo ya tasnifu naielewa kabisa, kitabu cha kwanza ndo ajira ya mtu. Ila makala za majarida aisee hapana! Mwandishi halipwi, wanaompitia kwa kawaida hawalipwi, halafu maktaba ya chuo hichohicho inanunua tena kazi ya watu wake, Harvard yenyewe na utajiri wake 2012 ililalamika kwamba wachapishaji wakubwa wanaigharimu karibu dola milioni 3.75 kwa mwaka.

Na msidanganyike kwamba dhahabu peke yake itatuokoa, jarida la Nature walipotangaza njia yao ya huria 2020 ada ya kuchapisha ilikuwa euro 9,500 kwa makala moja. Hapo msomaji kafunguliwa mlango, kafungiwa mwandishi.

Udhaifu wa Unpaywall ni kwamba haiwezi kukupa ambacho hakuna aliyekiweka. Kuna hifadhi ya chuo kimoja nimehangaika nayo sana, sera wameiandika vizuri mno, ukiingia unakuta kichwa cha makala, muhtasari, jina la idara, faili HAKUNA, maana kuweka ni hiari na hakuna anayefuatilia. Chuo cha Liège kule Ubelgiji, rekta wake (mkuu wa chuo) wa wakati huo Bernard Rentier alifanya kitu rahisi tu, ukiomba kupandishwa cheo zinahesabiwa zile makala ulizoweka ORBi, hifadhi yao, na watu wakaweka. Hiyo ndo aina ya sera ninayoiunga mkono mimi, ya kura ya wahadhiri na yenye meno.

Angalizo kwa wanaonukuu: kopi ya kijani mara nyingi ni muswada uliokubaliwa baada ya mapitio, haujapangwa na jarida, kwa hiyo namba za kurasa hazilingani, usije ukaweka ukurasa wa muswada kana kwamba ni wa jarida.

Nyota 5 kwa eksitensheni. Kikufuli kikiwa kijivu msiishie hapo, chukueni imeili ya mwandishi palepale kwenye ukurasa wa makala mmwombe muswada wake uliokubaliwa, na mumuulize kwa heshima kama chuo chake kina hifadhi auweke huko na wengine waupate.