FiiO E10K na kiwaya cha Apple: nilivyozilinganisha, na mdogo wangu alivyoninasa

Nilikuwa nimeketi nikitazama ukuta, hedifoni masikioni. Mdogo wangu alikuwa nyuma yangu kwenye meza yenye laptopu, kazi yake ikiwa kuhamisha jeki kutoka DAC moja (kifaa kidogo cha kutolea sauti ya kompyuta) hadi nyingine, nami niseme ninachosikia. "Hii ya sasa imefunguka," nikamwambia. "Besi imetulia, na nyuzi zimeachana, kila moja unaisikia kivyake." Kimya. Kisha akaangua kicheko mpaka akakohoa.

"Kaka, sijagusa kitu."

Wakati huo nilikuwa na mwezi mzima nikiwaambia watu hapa Migosi na kwingineko Kisumu kwamba E10K inaacha kiwaya cha Apple mbali sana. Kazi yangu ni kuhariri sauti za harusi na matanga, kwa hiyo watu huniamini ninapozungumzia spika na hedifoni. Niliona haya kidogo. Basi nikaamua kuzilinganisha upya, safari hii kwa utaratibu.

Kwa asiyezijua: DAC ndiyo inayopokea namba kutoka kwenye simu au kompyuta na kuzigeuza kuwa umeme unaotikisa hedifoni. Muziki wa ubora wa CD ni namba 44,100 kila sekunde kwa kila upande, wa kushoto na wa kulia. Kiwaya cha Apple ni kile kifupi cheupe, upande mmoja Type-C, upande wa pili tundu la jeki ya milimita 3.5. Marekani kimekuwa kikiuzwa dola 9. Changu kililetwa na binamu kutoka huko, na hilo lina maana yake: toleo la Marekani, A2049, hutoa takriban volti 1, lakini lile la Ulaya hutoa nusu ya hapo. Soma herufi ndogo kabla ya kulipa. FiiO E10K ni kiboksi cheusi cha chuma cha kampuni ya Guangzhou, China. Ndani yake mna chipu ya PCM5102 ya Texas Instruments pamoja na amplifaya ya hedifoni, na mbele kuna swichi ya kuongeza besi na kitufe cha volyumu cha kuzungusha. Niliinunua kwa mtu, imetumika, ikanigharimu mara kadhaa ya bei ya kile kiwaya.

Hedifoni zangu ni Audio-Technica ATH-M40x, za ohm 35, kipimo cha ukinzani wake kwa umeme. Ni nyepesi kuendesha, hata simu inaziweza.

Kosa langu la mwezi mzima lilikuwa volyumu. E10K ina kitufe, na mkono wangu ulizoea kukisimamisha mahali fulani bila kufikiri. Sikio halikwambii "hii iko juu kidogo." Hukwambia hii ni tamu, ina uhai, ina nafasi. Nikaenda kwa fundi wa redio ninayemfahamu kule Kibuye, akaniazima mita nzuri inayosoma milivolti. Nikacheza mlio mmoja wa hezi 50, kwa sababu mita za mafundi hutengenezwa kupima stima ya ukutani na stima yetu ni ya hezi 50, hedifoni zikiwa zimechomekwa kupitia jeki ya njia mbili. Kiwaya kilisoma milivolti 150. E10K, pale pale mkono wangu ulipozoea, ilisoma 190. Hizo ni kama desibeli 2. Ndiyo "nafasi" yote niliyokuwa nikiihubiri.

Nikarudisha kitufe polepole mpaka mita ikasoma 150, nikabandika kipande cha selotepu kisisogee. Tukaanza upya. Mdogo wangu alirusha sarafu kila mara, akaandika jibu nyuma ya daftari lake la hesabu, na nikamwamuru achomoe jeki na kuichomeka tena hata kama DAC ni ile ile, ili nisimsome kwa kelele za mkono. Mara 16.

Rekodi niliyotumia niliichukua mwenyewe kwenye matanga, mzee akipiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, umbali wa mita mbili kutoka kwenye maikrofoni. Niliichagua kwa sababu nilikuwepo, najua ilivyosikika. Nyatiti ina nyuzi nane, lakini nyuzi sizo zinazoumbua kifaa kibovu. Ni ile pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inapogonga ubao: ina ncha kali mwanzoni, halafu mlio mfupi mkavu, na chini yake njuga za gara mguuni zinaendelea kuchakarika. Kifaa kibaya huifanya pete na gara vishikane kama kopo linaloburutwa. Hapa hakuna kilichoshikana. Nilisikia mzee akivuta pumzi kabla ya kuingia ubeti, na mahali fulani jogoo nyuma ya nyumba, ambaye siku ile nilimlaani na sasa nimemzoea.

Nilipata 9 kati ya 16. Ukikisia tu unatarajia 8. Ningepata 12 au zaidi ningekuwa na la kusema. Nikahisi labda masikio yangu yamechoka, nikamwambia tujaribu mara 10 nyingine, tofauti ikiwa ni swichi ya besi ya E10K peke yake, imewashwa au imezimwa. Nilipata zote 10. Masikio ni mazima. Kwa hedifoni hizi, tofauti ya DAC hizi mbili haikuwepo, au kama ipo ni ndogo kuliko uwezo wangu wa kuikamata.

Je, nimejuta kununua E10K? Hapana, na hapa ndipo mambo yanapokuwa mengine. Rafiki yangu aliniazima Sennheiser HD 600 wikendi moja. Zile ni za ohm 300. Kwenye kiwaya, muziki wa kisasa uliopigwa kwa nguvu ulitosha, lakini rekodi zangu za matanga, ambazo huziacha na nafasi kubwa juu, yaani sauti yake iko chini, zilinifikisha asilimia 100 ya volyumu na bado nikatamani kuongeza. E10K kwenye geini ya juu, yaani kiwango cha juu cha kukuza sauti, haikutoa jasho. Nguvu za amplifaya ni suala tofauti na ladha ya chipu, na watu wengi huzichanganya, mimi nikiwa wa kwanza.

Tena kuna kile kitufe. Mteja anapiga simu, unakizungusha bila kutafuta dirisha kwenye skrini, na ukikifikisha mwisho kinalia tik, kimezimika. Ukihariri saa sita kwa siku utaelewa.

Jambo moja la kuangalia ukiunganisha spika za umeme kwa tundu la nyuma la E10K. Zangu zilianza kuvuma vuuu mara laptopu ilipokuwa kwenye chaja. Nikichomoa chaja, kimya. DAC haikuwa na hatia. Spika na chaja zote zilikuwa na waya wa ardhi, umeme ukapata njia ya kuzunguka kupitia waya wa sauti. Kwenye hedifoni halitokei, kwa sababu hedifoni hazina plagi ya ukutani.

Kwa hiyo mwenye hedifoni nyepesi na elfu chache mfukoni, achukue kiwaya, pesa zinazobaki aongeze kwenye hedifoni zenyewe. Kuna mlima wa tofauti kati ya hedifoni na hedifoni. Mwenye HD 600 au mwenye kukaa mezani kutwa, E10K itamfaa. Hakikisha tu ni toleo gani unauziwa: E10K ya kwanza hutumia waya wa micro-USB, ile iitwayo E10K-TC ndiyo ya Type-C. Yangu ni ya micro, na waya uliokuja nayo tayari umelegea kwenye tundu, nimeushikilia kwa selotepu iliyobaki kwenye jaribio.